Shimo la Jikoni, Nyumba Namba Tano

Kemunto alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa darasani nagawa kalamu za rangi, akaniambia kuna shimo jikoni kwa mama yake. Hakusalimia. Alisema aliinua ubao uliokuwa chini ya meza akakuta shimo la kufika kiwikoni, limetandikwa majani makavu ya mgomba, na ndani yake mkungu wa ndizi umeoza mpaka umekuwa mweusi. Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mama yake tulimzika siku tisa kabla, kwao Nyamira, na hizo ndizi lazima alizifukia kabla ya kupelekwa hospitali Kericho. Kilichomtia Kemunto wasiwasi si ndizi. Mtu wa ofisi ya nyumba alikuwa amekuja Jumamosi kukagua, akalipiga shimo picha, akamwachia fomu ya uharibifu, irudi ofisini kabla ya Alhamisi. Mtoto wa mpangaji anaweza kuandikiwa nyumba ya mzazi wake, lakini si kama mzazi aliharibu mali ya serikali. "Mwalimu, mama alichimba sakafu ya kaunso ndio aivishe ndizi," aliniambia, na sauti ilikuwa ya mtu anayeona aibu kwa niaba ya marehemu. Nilimwambia asiandike neno lolote kwa hiyo fomu mpaka nifike. Sikumwambia kwa nini. Nilirudi kwa watoto wangu nikakuta wameshachora ukuta, na sikuwa na nguvu ya kuwagombeza, kwa sababu hilo shimo nalijua. Lilichimbwa na fundi wa mabomba, nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikisikiliza kila pigo la sururu, na lilichimbwa kwa makosa yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka huo, nasomea ualimu wa chekechea, kozi ya mwaka mmoja, katika mji wa chai ambao sitautaja kwa sababu ofisi ya nyumba bado ipo na waliomo sasa hawajanikosea. Nyumba za kaunso, yaani za baraza la mji, zilikuwa nyuma ya soko, safu ya nyumba kumi na mbili za chumba kimoja na jiko, na ukitoka mlangoni unaona chai imepanda kilima mpaka juu. Namba nne ilikuwa ya senge wangu Rael, dada ya baba. Yeye alikuwa amerudi Sigor kuangalia ng'ombe wake, lakini nyumba hakuirudisha, maana nyumba ya kaunso ukiirudisha huipati tena maishani. Akanipa ufunguo. Kuishi nyumba iliyoandikwa jina la mtu mwingine kulikuwa ni kosa la wazi: wakikupata, wanaweka kufuli yao juu ya kufuli yako, na vitu vyako unavikuta nje. Kila mtu alijua, na nusu ya safu yetu ilikuwa hivyo hivyo. Senge alinifundisha masharti yangu tukiwa tumesimama jikoni. Nisianike nguo mbele. Nisiweke redio juu. Nisikanyage ofisini kwa sababu yoyote, hata nyumba ikianguka. "Na ukiulizwa mimi niko wapi," alisema, "sema niko sokoni." Nikamuuliza itakuwaje wakija siku mbili tofauti. Akasema yeye ni mtu wa kupenda soko. Kwa hiyo mwaka mzima senge wangu alikuwa sokoni, Jumatatu hadi Jumapili, na ningefukuzwa ningerudi Sigor bila cheti, kwa sababu chumba cha kupanga kwa mtu binafsi kilikuwa juu ya uwezo wetu kabisa. Nililijua hilo kila nilipogeuza ufunguo.

Mama Kemunto ndiye alikuwa namba tano. Alikuwa mjane, Mkisii, mnene wa mikono na mwembamba wa miguu, aliyeuza uji wa wimbi na ndizi mbivu karibu na stendi, na binti yake alikuwa shule ya bweni kwa hiyo sikumwona ila likizo. Jiko lake na langu yalikuwa yamepeana mgongo. Ukuta uliyatenga, lakini yule mjenzi, sijui alichoka au matofali yalimwishia, aliuachia ukuta futi moja chini ya mabati, na kupitia hapo tuliishi nyumba moja. Nilisikia akimgombeza msomaji wa taarifa kwa redio. Nilisikia akisali, na sala zake zilikuwa ni orodha, jina baada ya jina, mpaka afike kwa mkaguzi wa afya wa soko, ambaye alimwombea ahamishwe. Yeye naye alinisikia. Siku ya tatu tu, nimeweka sufuria nikashika kitabu, sauti ikatoka juu ya ukuta: "Wewe wa namba nne, hicho kitunguu kinaungua." Nikashtuka nikamwaga maji. Nilipaswa kukumbuka siku hiyo baadaye, kwamba sikio la upande ule lilikuwa zuri kuliko langu. Lakini kijana husikia wenzake, hafikirii kuwa anasikika.

Tulikula vya kila mmoja. Alinipitishia chinsaga, ile mboga chungu ya kwao, aliyoichemsha na maziwa mpaka ikalegea, na ugali wa wimbi mweusi uliokaa tumboni hadi kesho yake. Mimi nililetewa mursik na senge, kibuyu kizima kila mwezi, na mwanzoni Mama Kemunto aliyaangalia yale maziwa yenye majivu akauliza kama yalimwagika mekoni. Mwezi wa pili alikuwa anagonga ukuta kuuliza kama kibuyu kimefika. Nikikumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza ni jiko lake: meza ya mbao chini ya dirisha, gunia la wimbi lililosimama kwenye kona ya ukuta wetu, sufuria kubwa ya uji imefunikwa kwa sinia, na yeye ameketi kwenye kigoda akipepeta. Mvua ilinyesha kila alasiri, saa tisa haikosi, mara nyingine mawe ya barafu yakapiga mabati mpaka huwezi kusemezana. Na mfereji ulikuwa mkavu. Watu wa nje hawaamini nikiwaambia, lakini ndivyo: tulizungukwa na mvua na tulikosa maji. Kaunso ilifungulia safu yetu Jumanne na Ijumaa asubuhi, na siku hizo ungesikia bomba linakohoa kutoka namba moja kuja, nyumba kwa nyumba, kila mtu akikimbia na mtungi.

Bomba langu lilianza kuvuja mwezi wa tano. Lilikuwa bomba la chuma, la zamani, lililopita chini ya sinki na kuingia ukutani kwenye kona, na pale lilipoingilia ukuta kiungo kilikuwa kimeliwa na kutu. Kwanza lilitona kidogo, nikaweka beseni. Jumanne na Ijumaa lilitiririka, siku zingine tone moja moja kwenye beseni, tone, tone, nikisoma, nikila, nikipiga pasi. Mpangaji wa halali angeenda ofisini akaandikwa kwenye kitabu cha malalamiko na kungoja zamu yake, maana kila nyumba ilikuwa na tengenezo moja tu kwa mwaka. Mimi ningeandikwa jina gani? Kumleta fundi wa mtaani pia haikuwezekana, mabomba ya kaunso hayaguswi na fundi wa nje, na jirani yeyote mwenye kisirani angepeleka habari. Kwa hiyo nilifanya kama tulivyofanya nyumbani Sigor kila kitu kilipopasuka, kuanzia jembe mpaka pampu ya kunyunyizia dawa: nilitafuta tyubu ya baiskeli. Nilikata utepe mrefu, nikauvuta kwa meno na mikono miwili, nikazungusha na kuzungusha mpaka kile kiungo kikawa kinene kama goti. Halafu nikachukua sabuni ya kipande, nikailainisha, nikashindilia kwenye nafasi kati ya bomba na ukuta pamoja na kitambaa. Ijumaa maji yalipokuja nilichuchumaa nikaangalia. Halikutoka hata tone. Nilijisifu peke yangu, na nikaanika beseni.

Wiki hiyo hiyo nilimsikia Mama Kemunto akimwambia Mungu kwamba sakafu yake ina unyevu. Sikuunganisha, nasema kweli. Jumanne iliyofuata alikuwa anakamua kitambaa, namsikia, anakamua na kuguna. Ndipo nikaelewa, nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Maji hayakuwa yameisha. Nilikuwa nimeziba upande wangu vizuri sana, yakakosa pa kutokea, yakarudi ndani ya ukuta na kutafuta njia chini ya sakafu yake. Jioni alikuja mlangoni kwangu, akasimama, hakuingia. Aliuliza, "Kwako iko sawa? Hakuna maji?" Nikamwambia, "Iko sawa, mama. Kavu kabisa." Na ilikuwa kavu kweli, angeweza kuja kuona. Alitazama juu ya bega langu kuelekea jikoni, akaniangalia, akasema haya, akaenda. Nililala na hilo neno kavu kabisa. Ningeweza kufungua ule mpira dakika tano tu, maji yakarudi kwenye beseni langu. Nilijiambia nitafungua nikimaliza mtihani wa mwezi, kwa sababu lile beseni lingeonekana na mkaguzi yeyote anayepita, na sakafu kavu haina maswali. Huo ndio ukweli, nilichagua sakafu yangu.

Akaenda ofisini akaandikwa. Namba tano, maji jikoni. Alirudi akaniambia wamesema angoje, fundi ni mmoja na mji ni mkubwa. Aliongeza kwamba alikuwa amenuia kuitunza zamu yake ya mwaka kwa sababu ya choo, tangi la maji la choo lilikuwa limepasuka na alikuwa anamwaga kwa ndoo, lakini sasa jiko lilikuwa limezidi. Nilisema pole. Nilikuwa nasema pole kila siku, nikapeleka hata gunia kuukuu la kutandika. Alingoja wiki tano. Ukuta wake ukaota ukungu wa kijani. Kifua kikaanza kumsumbua, namsikia akikohoa asubuhi akiwasha jiko. Siku moja alivuta lile gunia la wimbi kutoka kwenye kona, likapasuka chini, akaniita nikaone. Wimbi lilikuwa limeota. Lilikuwa limesukana mizizi myeupe kuanzia chini ya gunia mpaka katikati, na majani madogo ya kijani yametokeza kwenye nyuzi, shamba ndani ya nyumba. Lilikuwa wimbi la kwao, alilolima mwenyewe wakati wa likizo ya Kemunto, na ndilo lilikuwa uji wake wa msimu mzima. Tulisimama tukaliangalia. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo nikasema, "Kuku wangelipenda," na mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo natamani kuingia chini ya kiti.

Fundi alikuja Jumatano. Alikuwa mzee wa kwetu, Kipsigis, Arap Tanui, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, na kama wazee wetu wengi aliita bomba pomba, nasi tulimwelewa. Mimi nilikuwa sina masomo siku hiyo. Nilifunga mlango kwa ndani nikakaa jikoni nimeelekea ukuta, viatu mkononi. Nilimsikia akisogeza meza. Nikasikia sururu ikipiga sakafu, simiti ikipasuka, koleo likikwangua, na Mama Kemunto akimwambia achimbe polepole, pale ndipo anapoketi. Alichimba karibu saa nzima. Halafu akasema, polepole, kwamba bomba la nyumba hii ni zima, limekauka juu na chini, na maji yanatoka ukutani. Nikasikia mkono wake ukipapasa ukuta. Ulipita mbele ya uso wangu, upande wa pili. "Maji ni ya namba nne," akasema. "Ni nani anaishi namba nne?"

Mama Kemunto alisema, "Ni mama mmoja anaitwa Rael. Lakini hayuko. Ameenda sokoni."

Sikuwahi kumwambia Mama Kemunto habari ya sokoni. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameisikia juu ya ukuta, siku senge aliponifundisha. Fundi akasema basi atarudi Ijumaa, siku ya maji, na huyo Rael aambiwe asiende sokoni, kwa sababu lazima ukuta ubomolewe kutoka upande wake. Akabeba vyombo vyake akaondoka, akaacha shimo wazi.

Alhamisi nilipanga sanduku. Halikuchukua muda, nilikuwa na nguo kidogo na vitabu. Nilipanga nikimbie na gari la mchana, niache ufunguo kwa duka la karibu, na nisimwone mtu yeyote. Nilifunga zipu, nikafungua, nikaifunga tena. Mawe ya barafu yakaanza kupiga mabati na gari likanipita, na nikiwa nimekaa juu ya sanduku nikaona aibu kubwa, aibu ya mwili mzima, ya kufanya masikio yawake moto. Nilikuwa nimemwachia mwanamke mgonjwa shimo jikoni, na yeye alikuwa amedanganya serikali kwa ajili yangu bila kuombwa. Niliingia jikoni, nikakata ule mpira kwa kisu, nikachokoa sabuni yote kutoka ukutani, nikarudisha beseni. Kisha nikapika chai, nzito, ya maziwa, nikachukua birika nikaenda namba tano katikati ya mvua ile. Alikuwa ameketi kando ya shimo, miguu imening'inia ndani, anamenya karanga. Nilimmiminia. Nikasema, "Mama, hayo maji ni yangu. Nilifunga bomba kwangu yakaja kwako. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Alikunywa chai kwanza. Alikuwa mtu wa kumaliza kikombe. Halafu akasema, "Mimi pia. Niliacha kusikia matone kwako siku ile ile niliyoona maji kwangu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Ningesemea nani? Ofisi? Wangekuja na kufuli." Akamenya karanga nyingine. "Nilikuja kwa mlango nikakuuliza wewe. Ukaniambia kavu kabisa. Nikasema basi, nitangoja aseme mwenyewe. Nimengoja, Chela. Sikujua utachukua wiki sita." Nililia, sitaficha. Nikamwomba msamaha. Aliniambia habari ya bomba amesamehe, bomba ni chuma na chuma huoza. "Lakini wimbi yangu imeota ndani ya nyumba, na ukaniambia ya kuku. Hiyo sikusamehei leo. Labda kesho." Hakuwa anatania, na nilimheshimu kwa hilo kuliko angenikumbatia. Akaniambia nirudi nikafungue lile sanduku, maana amesikia zipu ikipanda na kushuka mpaka imemkera.

Ijumaa Arap Tanui alipobisha namba nne, nilifungua mwenyewe. Alinitazama juu hadi chini akauliza kwa Kipsigis kama mimi ndiye Rael. Nilimjibu la, Rael ni senge wangu na yuko Sigor, mimi ni Chelangat, naishi hapa. Fundi alifunga maji kule nje, akabomoa ukuta, akakata kiungo kilichooza, akakionyesha kwenye mwanga wa dirisha: kilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Akaweka kipya. Mama Kemunto alisimama mlangoni muda wote, mikono kiunoni. Kisha fundi akatoa kadi ya kazi na kalamu, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa, kwenye ile kadi, kwa sababu kazi ikiandikwa namba nne, mwenye namba nne huitwa ofisini kutia sahihi. Alimwangalia Mama Kemunto. Yeye akasema, "Andika tano. Zamu ni yangu, nimeipeana." Mzee alikuna shavu kwa kalamu. "Mimi nimetumwa namba tano," alisema mwishowe. "Pomba haina namba." Akaandika: Namba 5, bomba la jikoni, kazi imekamilika. Mama Kemunto akatia sahihi. Choo chake kilimwagiwa maji kwa ndoo mwaka mzima kwa sababu ya hiyo sahihi.

Ikabaki simiti. Ofisi ilikuwa imempa fundi nusu mfuko, nayo haikutosha ukuta wangu na sakafu yake. Sikuulizwa. Mama Kemunto alisema itumike ukutani kwangu, kwa sababu ukuta uliobomoka mkaguzi anauona akiwa mlangoni, na shimo lake yeye atalifunika. Kurudi kulalamika hakungewezekana, kitabuni namba tano ilikuwa imeshakamilika. Nilimwahidi mbele ya fundi kwamba nikianza kazi, kitu cha kwanza nitakacholeta ni mfuko wa simiti. Alisema haya. Aliweka ubao juu ya shimo, na meza juu ya ubao, na mwezi haukuisha nikasikia anaongea na ndizi. Alikuwa amegundua kwamba mle ndani kuna joto la wastani kama la shimo la kuivishia ndizi kule kwao. Ametandika majani, amepanga mkungu, amefukiza kidogo, amefunika. Siku ya sita zilitoka za manjano safi, tamu, na watu wa stendi walianza kuulizia ndizi za Mama Kemunto kwa jina. Alinipitishia mbili juu ya ukuta, akazitupa, nikazidaka. "Hizi ni za kuku," akasema. Ndipo nikajua ile kesho imefika.

Nilipata cheti mwezi wa kumi na mbili, nikapata kazi Litein, na senge akarudisha nyumba mwenyewe kwa sababu mguu ulikuwa umeanza kumuuma na hakutaka tena kesi. Nilimtembelea Mama Kemunto kila mwaka. Nilimpelekea sukari, majani ya chai, leso, mwaka mmoja blanketi zito. Simiti sikuwahi kupeleka. Mara ya kwanza nilisema nitapeleka mshahara wa pili. Baadaye nilisema mtu habebi simiti kwenda kusalimia. Baadaye zaidi nilijiambia lile shimo sasa ni lake, linamsaidia, nikiliziba nitamharibia biashara. Hayo yote yalikuwa maneno ya kujipoza. Tulikuwa tukikaa tukinywa chai, miguu yangu juu ya ule ubao, na yeye hakunikumbusha hata siku moja. Binti yake alikua akijua tu kwamba mama huivisha ndizi chini ya ubao ule, na kwamba hapendi uguswe. Mzazi wake alificha siri yangu ndani ya nyumba yake mwenyewe hadi akazikwa nayo, na aliyeachwa kujibu ni mtoto.

Nilifika Jumatano. Kemunto alikuwa amezitoa zile ndizi, amefungua madirisha, lakini utamu wa kuoza bado ulikuwa hewani. Sasa ni mtu mzima, ana mikono ya mama yake, na anauza uji pale pale. Nilimsimulia kila kitu tukiwa tumesimama kando ya shimo, hata neno la kuku. Nilifikiri atanifukuza. Halafu akauliza, "Kwa hivyo mama hakuharibu kitu?" Nikamwambia hapana, mama yako hakuharibu kitu. Akaketi kwenye kile kigoda akajifuta uso kwa upindo wa leso.

Tulienda ofisini pamoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga mle ndani, na mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita. Msichana wa kaunta alikuwa na kompyuta na adabu nyingi, akanisikiliza, akaniambia hiyo ni habari ya zamani sana, mama, tunaweza kuandika tu uchakavu. Nilikataa. Nilimwambia aandike aliyesababisha, kwa sababu kuna picha, na picha hiyo ina namba tano. Akafungua faili ya zamani, akapitisha kidole. "Namba nne mwaka huo ilikuwa ya Rael," alisema. "Wewe sikuoni hapa."

"Nilikuwepo," nikamwambia.

"Na huyu Rael alikuwa wapi?"

Kemunto aliniangalia. "Sigor," nikasema. "Kila mlipoambiwa yuko sokoni alikuwa Sigor, na niliyekuwa ndani ni mimi." Nikamtajia jina langu, yote matatu, herufi kwa herufi kama ninavyowafundisha watoto, na nikamwomba ageuze kioo nilione. Lilikuwa limeandikwa sawa. Mvua ilikuwa imeanza tulipotoka, kwa hiyo mfuko wa simiti nilionunua dukani tuliufunika kwa koti langu, tukaubeba wawili hadi namba tano.